Nukta Yenye Mkia

"Tatu, nukta, mbili," Mkurugenzi alisema huku akibonyeza. Mashine ikajibu papo hapo kwa maandishi ya kijani: kiasi cha dawa ya degedege kwa mtoto mchanga wa kilo tatu na ushee, dawa ya kulowesha ncha ya sindano tu. "Umeona, Afande? Hiyo ni mara ya nne. Nirudie?"

"Rudia."

Akarudia. Jibu lile lile. Mkurugenzi akaegemea kiti chake na kufumbata mikono juu ya kitambi. "Programu yetu haina tatizo. Kile kitoto kinaniuma, Mungu shahidi, na mimi ni baba. Lakini yule muuguzi alikosea. Kidole kiliruka nukta, tatu nukta mbili ikawa thelathini na mbili, mashine ikampa dozi ya mtoto wa darasa la tano. Mashine kazi yake ni kufuata inachoambiwa."

Jalada la polisi nalo lilisema hivyo hivyo. Siku tisa zilizopita, Jumamosi asubuhi, mtoto wa siku mbili alichomwa dawa mara kumi ya ile aliyotakiwa kupewa, akaacha kupumua kabla mama yake hajarudi kutoka bafuni. Muuguzi aliyemchoma alikuwa mahabusu tangu jioni ile, na kesho saa tatu asubuhi angepandishwa kizimbani kwa kusababisha kifo. Alikuwa na sentensi moja tu: niliandika uzito sawasawa. Kumbukumbu ya mashine ilisema kilo 32. Wakili wa serikali alikuwa amempa Inspekta mpaka saa kumi na moja jioni ya leo alete kitu cha maana, la sivyo kesi inakwenda kama ilivyo.

Inspekta alifungua pochi. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, asiyependa kuharakishwa wala kupakwa mafuta kwa maneno, na Mkurugenzi alikuwa amempaka tangu saa sita. Akatoa karatasi iliyokunjwa.

"Leo asubuhi nilipita mahabusu. Nikampa yule binti kalamu, nikamwambia: usinisimulie, niandikie. Sajini, mwonyeshe."

Sajini alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na ndiye aliyeandika maelezo ya muuguzi siku ya kwanza. Aliandika 3.2 kwa sababu ndicho alichosikia. Akaikunjua karatasi mezani bila kumtazama bosi wake.

"Tatu nukta mbili," Mkurugenzi akasoma.

"Tazama vizuri."

"Si nukta hiyo?"

"Nukta yenye mkia," Sajini alisema, kwa sauti ya mtu aliyesemwa njia nzima.

"Huo ni mkato," Inspekta akasema. "Chuo alichosomea, huko nje, wanaandika hivyo. Mdomo wake unasema nukta kama sisi, mkono wake unaandika mkato. Siku tisa tumemsikiliza mdomo. Hebu bonyeza mkato."

Mkurugenzi akacheka kidogo. "Mashine inaukataa mkato, Afande. Tangu mwanzo inaukataa, wauguzi wenyewe wamelalamika mpaka basi." Akabonyeza tatu, mkato, mbili.

Mashine haikukataa. Ilitoa jibu la kijani, safi, bila onyo, na kiasi kile kilikuwa cha kujaza sindano nzima.

"Lo!" Sajini akasema.

"Piga simu hospitali," Inspekta akasema. "Sasa hivi. Waambie waizime."

Mkurugenzi akapiga. Sauti ya mama mkuu wa wodi ilisikika mpaka upande wa pili wa meza: walikwisha kuichomoa siku ile ile, wamerudi kwenye karatasi, na wasipigiwe tena simu na watu wa programu. Kampuni haikuwa na hospitali nyingine. Ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kuuza.

Alipoweka simu chini, uso wa Mkurugenzi ulikuwa umelowa jasho, lakini akili yake ilikuwa inafanya kazi. Mtu mnafiki si lazima awe mjinga. "Sawa, mkato una tatizo. Lakini nani anasema siku ile aliandika mkato? Karatasi hii ameiandika leo. Wakili yeyote atauliza nani amemfundisha. Maelezo yake ya kwanza, yenye sahihi yake, yana nukta."

Inspekta alilijua hilo tangu asubuhi, na lilimkera kulisikia kwa mtu huyu. "Hakuna mahali panapobaki kile alichobonyeza, vile vile alivyobonyeza?"

"Lipo daftari la mashine. Linanasa kila kitufe. Lakini linajifuta lenyewe baada ya siku saba."

"Lilifutika juzi."

"Juzi," Mkurugenzi akakubali, na hakuficha vizuri kwamba amefarijika.

"Nichapishie orodha ya walioligusa kabla halijafutika. Na orodha ya kazi zote zilizotoka hapa miaka hii miwili, nani kaandika, nani kapitisha, saa ngapi. Halafu niitie aliyefanya mkato ukubalike."

Aliyeingia alikuwa mwanamume mrefu, mtanashati, aliyetangulia kufika kwa manukato yake. Kifuani alikuwa na kitambulisho kipya: Mkuu wa Kitengo. Ofisi nzima, mpaka wafagizi, walimwita Shemeji, kwa kuwa Mkurugenzi alikuwa amemwoa dada yake. Akaketi, akatabasamu, akaona hakuna anayetabasamu, akaacha.

Inspekta akamsogezea ukurasa. Ulikuwa na mistari kumi na mmoja. "Kazi yako?"

"Yangu, Afande. Wauguzi walisema mashine inagomea mkato. Nikaambiwa niifanye ikubali. Ikakubali."

"Nieleze mstari wa nne."

Shemeji akautazama mstari wa nne. Akautazama wa tatu, akarudi wa nne. "Huo ndio unaoshughulika."

"Na nini?"

"Na mkato."

"Unaufanya nini huo mkato?"

Feni ya dari ikazunguka. Sajini akakohoa ngumini.

"Umeuandika wewe mstari huu?"

"Niliuokota mtandaoni, Afande. Sote tunaokota."

"Hapo juu kumeandikwa kusafisha namba kubwa. Yaani mtu akiandika elfu tatu na mia mbili, akatia mkato katikati ili asomeke, mashine inaufuta mkato ndipo ihesabu. Si ndiyo?"

"Inawezekana."

"Sasa akiandika tatu mkato mbili, mkato ukafutwa, kinabaki nini?"

Midomo ya Shemeji ikatembea bila sauti. Ilipofika kwenye jibu, akalaza viganja vyote viwili mezani. "Thelathini na mbili," akasema polepole.

"Mimi sijakaa darasa la kompyuta hata siku moja," Inspekta akasema. "Wewe umesomea wapi?"

"Nina cheti."

"Cha muda gani?"

"Wiki sita." Akakigusa kitambulisho chake. "Mbili za mwisho niliumwa."

Sajini akageukia dirisha. Inspekta hakucheka. Akilini alimwona yule mama wa mtoto akitoka bafuni na taulo begani, akauma meno.

"Lakini kazi yangu haitoki hivi hivi," Shemeji akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Lazima isomwe na jicho la pili. Dada Fundi ndiye husoma zangu. Hunirudishia hata mara saba, Afande, mpaka naona aibu. Hii hakunirudishia. Nikajua leo nimepatia. Nilimpigia mke wangu kumwambia."

Mkurugenzi akaruka pale pale. "Umesikia? Aliyepitisha ni Fundi. Jina lake lipo. Kama kuna uzembe, uzembe ni wa aliyepitisha."

Inspekta alikuwa tayari anasoma orodha. Mtengeneza programu huyo aliyeitwa Fundi aliandika maoni yake kwenye kisanduku kando ya kila kazi, na kazi za Shemeji zilikuwa zimejaa maneno yake. *Shemeji, uzito ukiwa sifuri hapa panavunjika. Rudia.* *Bado. Nimekuandikia mfano hapo chini.* *Umenakili mfano pamoja na jina langu, toa jina.* *Rudia.* *Rudia.* Na mwisho, kila kazi ilipokuwa safi, neno moja: *Sawa.* Miaka miwili ya *sawa*, hata moja haikuja bure. Inspekta akashuka na kidole mpaka Ijumaa, siku moja kabla ya kifo cha mtoto. Mistari kumi na mmoja. Maoni: *Haya.*

Akakigonga kidole juu ya neno lile. "Hili?"

"Amekubali," Mkurugenzi akasema. "Sawa, haya, si yale yale? Mashine inachotaka ni kisanduku kisiwe kitupu, na abonyeze kitufe cha kupitisha."

"Mkeo akikwambia sawa, na akikwambia haya, wewe unasikia kitu kimoja?"

Sajini, aliyeoa miaka ishirini na minane iliyopita, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mwiteni," Inspekta akasema.

Fundi alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, miwani usoni, mikono ya shati imekunjwa, mkoba umebanwa kwapani kana kwamba anatoka. Akaketi kabla ya kuambiwa. Akasema kabla ya kuulizwa.

"Siku ile kazi zilikuwa nyingi. Niliipitisha bila kuisoma. Ni uzembe, nakubali, niko tayari kuandika hivyo."

"Vizuri," Mkurugenzi akasema haraka. "Mambo yameisha."

Inspekta hakumtazama Mkurugenzi. "Dada, uliufungua ukurasa ule saa kumi na dakika tano. Uliandika *haya* saa kumi na dakika arobaini na tano. Katikati hapo hukufungua kazi nyingine yoyote. Mimi ukinipa mistari kumi na mmoja ya lugha nisiyoijua nitamaliza kwa dakika mbili, kwa kuwa sielewi kitu. Wewe unayeelewa, ulikuwa unasoma nini dakika arobaini?"

Fundi akavua miwani. Akaipangusa kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Niliiona," akasema.

"Uliona nini?"

"Kosa. Dakika ya kwanza tu nililiona. Nikaanza kumwandikia: Shemeji, mkato ukifutwa, tatu na ushee inakuwa thelathini na mbili. Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta." Sauti ikaanza kupanda. "Miaka miwili, Afande! Miaka miwili nafanya kazi yangu na yake. Ananiuliza leo, namweleza, kesho ananiuliza kile kile. Nimekwenda kwa huyu bwana mara tatu. Mara tatu! Ananiambia mvumilie, ni ndugu. Ndugu wa nani? Ijumaa ile saa tisa anatukusanya sote, anatupa soda, anatangaza kuanzia leo Shemeji ndiye mkuu wenu. Mkuu wangu mimi. Saa moja baadaye mkuu wangu ananiletea hii nimsomee. Nikasema basi. Leo simbebi."

"Ukapitisha."

"Kila kazi inapita kwenye majaribio Jumatatu. Anakaa yeye, anakaa Mkurugenzi, wanakuja watu wa hospitali, namba zinaingizwa pale mbele ya wote. Nilitaka ivunjike pale. Nilitaka waione kwa macho yao. Nilitaka aaibike, Afande. Hayo tu."

"Na majaribio?"

Shemeji, aliyekuwa bado ameketi mezani, akasema, "Niliyaondoa. Ijumaa ile ile, nilipopewa cheo. Yalikuwa yanachelewesha kazi."

Fundi alifumba macho. Kwa hiyo alipobonyeza kupitisha, kazi ilikwenda moja kwa moja wodini, pamoja na ujumbe kwa wauguzi wote ambao Inspekta alikuwa nao kwenye jalada na ambao hadi dakika hii haukumwambia kitu: *Sasa andikeni mnavyopenda.* Kwa miezi mingi yule muuguzi alikuwa akijilazimisha kuandika nukta. Jumamosi asubuhi akaambiwa aandike apendavyo, akaandika kama alivyofundishwa.

"Ulijua lini kuhusu mtoto?" Inspekta akauliza.

"Jumatatu, kama wengine."

Inspekta akageuza karatasi ya pili. Ilikuwa na mstari mmoja tu. "Daftari la mashine, kabla halijajifuta, lilifunguliwa na mtu mmoja. Jumapili saa nne asubuhi, ofisi imefungwa. Ni wewe."

"Usijibu!" Mkurugenzi akasimama. "Usijibu kitu, tutakutafutia wakili. Afande, huyu ni mtumishi wangu, siwezi..."

"Ameshauri vizuri," Inspekta akamwambia Fundi. "Kwa faida yako, nyamaza. Ukinyamaza, wewe ni mtu aliyezembea kusoma ukurasa mmoja, utapewa onyo, utaajiriwa kwingine. Sina kitu kingine juu yako. Na sina kitu juu ya yule binti isipokuwa karatasi ya leo, ambayo haitoshi. Sasa hivi ni saa kumi kasoro. Saa kumi na moja jalada linaondoka, na kesho saa tatu anapanda kizimbani. Sitakufokea. Nimechoka."

Alikuwa amechoka kweli. Shemeji alikuwa analia kimya kimya, akijifuta kwa tai.

Fundi aliweka mkoba mapajani. Akafungua zipu, akafungua zipu nyingine ya ndani, akatoa flashi iliyofungwa kwenye kitambaa cha kufutia miwani. Akaiweka mezani na kuondoa mkono haraka.

"Nililinakili daftari Jumapili. Nilisikia kwa jirani kwamba kuna mtoto amekufa kwa dozi, nikaja mbio. Nilikuwa naomba iwe nukta."

Sajini aliichomeka kwenye kompyuta yake. Mistari ikashuka, wodi kwa wodi, mpaka Jumamosi saa tano na dakika kumi na mbili, wodi ya watoto wachanga, jina la muuguzi. *3,2.* Mkia ulionekana wazi.

"Umekaa nayo siku nane," Inspekta akasema. Sasa alikuwa anafoka. "Siku nane! Umelala kitandani kwako, umekula, umekuja kazini, na mwenzio yuko sakafuni!"

"Kila asubuhi natoka nayo nyumbani nikisema leo naipeleka," Fundi akasema. "Jioni narudi nayo."

Kisha Inspekta akafanya kazi yake. Flashi ikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikafungwa, ikaandikwa saa na tarehe, wote waliokuwamo chumbani wakatia sahihi. Mkurugenzi alitia yake ya mwisho. Yeye na Shemeji waliambiwa wasitoke nje ya mji na wafike kituoni kesho saa mbili. Fundi aliambiwa yuko chini ya ulinzi, kwa kuficha ushahidi, kwa kuanzia. Saa kumi na dakika ishirini Inspekta alimsomea wakili wa serikali mstari ule kwa simu, neno kwa neno, mkato ukitajwa kwa jina lake. Wakili akasema, "Mtoe."

Kituo kilikuwa na chumba kimoja tu cha mahabusu wanawake. Ilibidi mmoja atoke ndipo mwingine aingie, kwa hiyo walikutana kaunta. Muuguzi alitokea kwenye korido na shuka lake begani, sare bado mwilini, mfuko wa kifuani umechanika pale beji ilipokuwa. Sajini mwenyewe ndiye aliyemwambia ameachiwa, na kwa nini. Alimwomba radhi pia, kwa nukta aliyoiandika, na hilo halimo katika kanuni yoyote. Muuguzi alisikiliza, akaitikia kwa kichwa. Halafu akamwona mwanamke mwenye miwani amesimama karibu na Inspekta, akivua mkanda na saa ili viandikwe kitabuni. Hakuuliza ni nani. Akili ya wodini ilimtuma kwenye jambo lililokuwa mbele yake.

"Pole, dada," akamwambia. "Ulale upande wa mlango, usilale ukutani, kunavuja. Maji ya kunywa omba asubuhi mapema kabla zamu haijabadilika." Akalishusha shuka begani. "Chukua hili. Hapa hawatoi."

Fundi alilipokea kwa mikono miwili. Inspekta alimwona akilikumbatia, akamwona akianza kugeukia korido, akadhani ataondoka hivyo. Hakuondoka.

"Mimi ndiye niliyeipitisha ile kazi," Fundi akasema. "Niliona kosa nikaliacha. Ushahidi wako nilikuwa nao mimi."

Muuguzi alimtazama. "Ulikuwa nao tangu lini?"

"Jumapili."

"Jumapili hii?"

"Ile ya kwanza."

Midomo ya muuguzi ilihesabu siku. Haikuchukua muda. Kisha akanyoosha mkono, akalishika shuka, na Fundi akaliachia. Muuguzi alilikung'uta, akalikunja pembe kwa pembe pale pale kaunta, likawa dogo na nadhifu kama la kabatini. Akalitia kwapani.

"Nilimshika yule mtoto mpaka akapoa," akasema. "Nikajiambia, ni mimi. Siku tisa najiambia ni mimi."

Akatoka. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi nje tangu asubuhi, na sauti yake ilisikika ndani alipomwona.

Fundi alibaki amesimama, mikono bado ameikunja kama iliyobeba kitu. Inspekta alivuta kitabu cha mahabusu, akatafuta mstari mtupu chini ya jina la muuguzi, akauliza jina kamili.